Nilivyosomea Ulaya Mtaa wa Dengfeng

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, la silabi moja: "ya". Siku barua ya ufadhili ilipofika nilimpigia mama simu Singida, nikamwambia kwa pupa ya mtu aliyesubiri miezi saba kwamba nimepata masomo ya Ulaya. Nilikuwa na maana ya masomo yanayohusu Ulaya: watu wa huko wanajionaje, wanakumbuka nini, siasa zao zinagombania nini. Chuo chenyewe kiko Guangzhou, China, na habari hiyo nilikuwa nimeiweka kwenye sentensi ya pili. Mama hakuisubiri sentensi ya pili. Alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya ya akina mama, na simu ilikuwa kwenye spika. Nikasikia vigelegele, nikasikia kinanda, kisha nikamsikia mwinjilisti akiiombea safari yangu ya Ulaya, baridi isinidhuru na wazungu wanipende. Nikaitikia amina pamoja na wengine. Ningefanyaje?

Jioni nikapiga tena, nikamweleza pole pole. Akauliza, China hii hii ya chupa za chai? Nikasema ndiyo, hiyo hiyo. Akataka kujua Ulaya imefuata nini huko. Nikamwambia hata anayesomea nyota haendi kulala juu ya nyota, na hapo nikajiona nimeongea. Mama akavuta pumzi, akanipa jibu lililonikosesha raha miaka miwili.

"Mwanangu, mimi nimeshatangaza."

Ili uelewe uzito wa kutangaza huko, lazima umjue jirani yetu. Nyumba yake na yetu zinagawana ukuta. Anauza nguo za watoto sokoni, na ndiye mwenyekiti wa kwaya. Mimi humwita mama mdogo ingawa hatuna damu moja, maana amenichapa na kunilisha sawasawa na alivyonichapa na kunilisha mama. Yeye na mama wamenuniana na kupatana tangu sijazaliwa, kwa sababu ya kuku, kwa sababu ya bomba la maji, kwa sababu ya nani anaimba sauti ya kwanza na nani anapiga kelele tu. Ila kwenye jambo moja mama mdogo alikuwa amemwacha mama mbali: mwanawe wa pekee alikuwa amekwenda Ujerumani. Kwaya nzima ilikuwa na mama mmoja tu wa Ulaya, na huyo alikaa mbele. Kwa simu yangu ile mama akawa wa pili. Usitegemee mtu wa namna hiyo asimame Jumapili aseme samahani, nilisikia vibaya, ni China.

Basi ikawa hivyo. Kwetu Singida mimi nikawa Ulaya, na mwili wangu ukawa Guangzhou.

Kuudumisha uongo huo kulikuwa kazi ya jasho, na sisemi kwa mafumbo. Kila Jumapili ibada ikiisha, kwao saa sita mchana, kwangu saa kumi na moja jioni, mama alinipigia simu ya picha ili akina mama wanisalimie. Guangzhou, kwa asiyeijua, ni joto la Dar lililofunikwa blanketi. Na mimi, kwa amri ya mama, nilitakiwa niwe kwenye theluji. Niliazima koti zito la Mkazaki, mwanafunzi wa Kazakhstan wa chumba cha jirani, nikazima feni isisikike, nikakaa mbele ya simu huku jasho linanitiririka mgongoni mpaka kwenye kiti. Akina mama wakauliza mbona uso unang'aa hivyo. Mama akawajibu kwa niaba yangu kwamba hayo ni mafuta ya kuzuia baridi, huko yanauzwa kila duka. Mama yangu ni mzee wa kanisa, naomba ikumbukwe.

Wote walikuja mbele ya simu isipokuwa mama mdogo. Yeye kila mama alipopiga alikuwa na shughuli, anapanga viti, anatafuta kitabu cha nyimbo. Nilidhani ana wivu, na kusema kweli nilifurahi. Jambo jingine nililoliona bila kulitilia maanani ni kwamba mara mbili tatu mama fulani alianza kuniuliza, "Na yule kijana wetu..." na hapo hapo simu ikakatika. Mtandao, mama alisema baadaye. Mtandao wa Singida ulikuwa na kidole gumba kinachofanana sana na cha mama.

Huku darasani mambo yalikuwa na vichekesho vyake. Tulikuwa wanafunzi kumi na wanne tunasomea Ulaya, na mzungu hakuwepo hata wa dawa. Mkazaki, Wavietinamu wawili, Mghana mmoja mcheshi, Wachina, na mimi wa Singida. Profesa alikuwa mzee wa Kichina mpole, aliyevaa sweta lenye viraka mkono mmoja, na aliijua Ulaya kuliko Ulaya inavyojijua. Tulikaa wiki tatu tunajadili kwa nini mji fulani uing'oe sanamu ya jenerali wake, au uiache, au uisogeze nyuma ya maktaba. Niliwasoma watu wanaogombania ni nani Mzungu wa kweli na nani kaja juzi, nani aliimba wakati wa vita na nani alinyamaza. Nikawa nacheka peke yangu maktaba. Haya mambo niliyajua. Kwaya yetu ingetosha kabisa kuwa bara.

Siku moja profesa alitupeleka Shamian, kisiwa kidogo mtoni chenye majumba ambayo Waingereza na Wafaransa walijijengea zamani, walipojimegea kipande cha mji. Nguzo nene, madirisha marefu, veranda. Siku hizi maharusi wa Kichina huenda kupigia picha hapo. Profesa akauliza, mahali hapa ni kumbukumbu ya nani: ya aliyejenga, ya aliyenyang'anywa ardhi, au ya bibi harusi huyu anayelalamika viatu vinambana? Swali zuri sana. Mimi sikulijibu kwa sababu nilikuwa nimeegemea nguzo, nimevaa skafu, na Mghana ananipiga picha huku nikimsisitizia asiwachukue wale mabibi wa Kichina wanaocheza dansi pale nyuma. Aliwachukua wawili. Mama alipozipokea akazirusha kwenye kundi la kwaya kabla hata hajaziangalia, kisha akanipigia kuuliza hao Wachina wamefuata nini huko. Nikamwambia Wachina wako kila mahali, mbona hata Singida walikuja kutujengea barabara. Akaridhika, akaenda kuwajibu wenzake hivyo hivyo.

Usinione sikuwa na dhamira. Mwisho wa mwaka wa kwanza ilinichoma. Nilikuwa nimetoka kuandika kurasa arobaini kuhusu watu wanaojidanganya kwa pamoja, nikampigia mama nikamwambia, mama, tuseme ukweli yaishe, China nayo si haba. Sijawahi kumsikia mama amekasirika vile. Alinifokea mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. Akasema nisithubutu, na kwamba jambo lile halikuwa la kwangu mimi peke yangu. Nilielewa kwamba anazungumzia uchaguzi. Alikuwa ameamua kugombea uenyekiti wa kwaya, mara ya kwanza maishani, na sifa yake kubwa kwa wapiga kura ilikuwa mimi.

Mahali pekee nilipopumua palikuwa eneo la Xiaobei, kwenye mtaa wa Dengfeng. Chuo chetu kiko ng'ambo ya mto, karibu saa nzima kwa treni, lakini kila Jumamosi nilikwenda. Pale kuna Waafrika wa kila namna, wenye maduka, wa simu, wa kusafirisha mizigo, na kuna mama mmoja wa Tanga anayepika ugali na samaki kwenye chumba cha ghorofa ya pili. Hapo sikuwa na koti. Nilikuwa mimi. Wafanyabiashara wetu walinitania mpaka basi: watu wanakuja China kuchukua mzigo, wewe umekuja kuchukua Ulaya? Mzanzibari mmoja wa vitenge aliniuliza kwa uso mkavu kabisa kama hiyo Ulaya ninayosomea ni orijino au imetengenezwa hapa hapa. Nikamwambia imetengenezwa hapa hapa lakini haichuji rangi.

Sasa, mwezi wa tano wa mwaka wa pili, Jumatano, siku isiyo ya kawaida kwake kupiga, mama alinipigia kwa sauti ya chini kana kwamba mtu amelala chumbani. Jirani anakuja China. Biashara yake imekua, amechoka kulanguliwa Kariakoo, anataka achukue nguo za watoto mwenyewe. Na kwaya imemtuma alete vitambaa vya sare mpya. Anafika Ijumaa, siku kumi. Atafikia Xiaobei, maana wote hufikia hapo. Uchaguzi ni Jumapili ya kwanza baada ya yeye kurudi.

Nikacheka. Ndiyo tabia yangu mbovu, nikiogopa nacheka. Mama hakucheka.

"Akikuona tu, kwaya nimeiacha," alisema. "Nitakuwa naimbia jikoni."

Hapo kicheko kilinikauka. Tangu baba afariki, mama amebakiwa na vitu viwili, mimi na ile kwaya, na mimi ndiye niliyeondoka. Mazoezi Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, misiba ya watu, harusi za watu, wote wakiwa na sare moja. Nilimwona akilini amekaa benchi la nyuma, hakuna anayemwangalia kwa sababu kila mtu anamwangalia. Mtu mzima akiumbuliwa kanisani hana pengine pa kwenda Jumapili. Nikamwahidi sitakanyaga Xiaobei.

Wiki ile nilijua maana ya uhamisho. Nilikula kabichi ya mvuke na wali usio na chumvi kwenye bwalo la chuo mpaka ulimi ukasahau kazi yake. Ubaya zaidi, siku mama alipopiga nilikuwa nimefumua nusu ya nywele, nikitarajia Jumamosi niende kwa msusi wangu Mkongo, yuko Dengfeng hapo hapo. Na Jumatatu baada ya siku hizo kumi nilitakiwa nisimame mbele ya jopo la walimu kutetea pendekezo la tasnifu yangu. Nilizunguka chuoni na kofia kichwani, kwenye joto lile, nusu mtu na nusu shamba. Mkazaki akaniuliza kama nimerudia tena mambo ya koti.

Siku ya tisa, Jumamosi, mwokozi akaja kwa njia ya kundi la kwaya. Mama mdogo aliwaandikia wenzake kwamba siku nzima atakuwa bandarini Huangpu, anakabidhi mzigo kwa wakala, waombee usichelewe. Mama alinipigia dakika ile ile. Njia nyeupe, akasema, kasuke nywele mwanangu, usije ukawatia hofu walimu wa watu.

Nilifika kwa msusi saa tatu asubuhi. Alinisuka huku ananisimulia kwa Kiswahili cha Kongo na Kifaransa habari za shemeji yake, mimi nikaitikia penye Kiswahili na kuguna penye Kifaransa. Saa nane kichwa kilikuwa kimetulia, na tumbo lilikuwa linadai. Nikapanda kwa yule mama wa Tanga.

Aliponiona akapiga makofi. Nilikuwa wapi siku zote hizo? Kuna mama wa kwetu Singida amekuja, mtu mzuri, anakula hapo kila siku. Yeye mwenyewe alimwambia mgeni habari zangu siku ile ile aliyofika. Mtoto wa Singida, anasomea mambo ya Ulaya chuoni hapa. Akamwonyesha mpaka picha yangu.

Samaki akanibaki mdomoni. Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiye na hili wala lile, huyo mama alisema nini.

"Hakusema kitu. Alikaa chini, akaomba maji."

Sikumaliza chakula. Kwa hiyo siku tisa nimekula kabichi bure. Siku tisa nzima mama mdogo anajua. Anasubiri nini? Mbona kwenye kundi hajasema? Nikapata jibu la haraka kama watu wenye hofu wanavyopata: anaihifadhi. Ataileta siku ya uchaguzi, mbele ya watu, pamoja na picha. Nikamwona mama amesimama na sare yake mpya iliyonunuliwa na mtu anayemzika. Hasira zikanipanda. Kisha nikakumbuka kwamba mwongo ni sisi, hasira zikashuka, ikabaki hofu.

Nikashuka ngazi, na ili niikwepe barabara nikakatiza ndani ya jengo la maduka ya nguo linalotokea karibu na kituo cha treni. Korido za mle ni nyembamba, nguo zimening'inizwa mpaka darini. Nilikuwa nimefika katikati nilipomwona. Kule mbele, chini ya taa, kitenge cha zambarau na ule mwendo wake wa kutanguliza bega. Hayuko Huangpu wala nini. Akainua macho. Tukatazamana, nadhani sekunde mbili, mimi nimetoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Nikageuka nikatoka mbio. Kwa kona ya jicho nilimwona na yeye anageuka. Hilo lingenishangaza kama ningekuwa na nafasi ya kushangaa.

Nikapinda kulia, nikaona duka la magauni, nikaingia. Kwenye pembe kulikuwa na kijichumba cha kujaribia nguo chenye pazia la maua. Mwenye duka, mwanamke wa Kichina mwenye tepu ya kupimia shingoni, alinisimamia mbele na mikono yote miwili: "Meiyou! Meiyou!" Neno hilo kila mtu wa Xiaobei analijua kabla ya kujua neno la kusalimia. Maana yake hakuna, hatuna, kimekwisha. Nilidhani ananiambia hakuna saizi yangu, kama wanavyoniambia siku zote, na nikaona huu si wakati wa kunikumbusha makalio yangu. Nikampita, nikafunua pazia, nikajitumbukiza ndani.

Duka lile lilikuwa la pembeni na lilikuwa na milango miwili. Mama mdogo alikuwa ameingia kwa ule wa pili. Alikuwa amesimama ndani ya kijichumba, mgongo ukutani, mkoba kifuani, na alikuwa amemwomba mwenye duka aseme hakuna mtu.

Bado tungeweza kuokoka. Ningeweza kujifanya Mnaijeria. Yeye angeweza kujifanya hanijui, nimebadilika, nimesuka. Lakini mdomo wangu umelelewa Singida, haukuniuliza.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu, hujambo?"

Akaziba mdomo kwa kiganja, ila ilikuwa imeshatoka. Ukishaitikiwa marahaba huna tena pa kujificha, umeshakuwa mtoto wa mtu. Kioo cha mle ndani kilituonyesha sote wawili, tunahema, tumebanana, na gauni la harusi linaning'inia katikati yetu. Nikafungua kinywa kumwomba, nilishayapanga maneno, asimuumbue mama. Akaniwahi.

"Nakuomba, usimwambie mama yako umeniona."

Palikuwa na kigoda, akakikalia. Alionekana mdogo kuliko nilivyomzoea. Akanieleza kwa sauti ya chini, macho kwenye mkoba.

Mwanawe, mwaka wa kwanza Ujerumani, alipiga simu kila Jumapili. Kisha ikawa kila mwezi. Kisha Krismasi. Na sasa ni mwaka wa nne hajapiga. Namba yake ukiipiga anapokea dada wa Kijerumani wa kwenye mashine, anasema maneno yale yale, anakata. Mama mdogo amemsikiliza dada huyo mpaka amemzoea. Kwenye kwaya hakumwambia mtu. Alikuwa mama wa Ulaya, angeanzia wapi? Kisha nikapata masomo, wakapiga vigelegele, na kabla havijaisha mtu akasema basi hawa watoto watakuwa wanaonana. Akasema ndiyo. Jumapili iliyofuata wakamuuliza kama tumeshaonana, akasema tumeonana. Toka hapo amekuwa anawapelekea habari zetu. Tunakula pamoja kila Jumapili, mimi na mwanawe. Wakati mwingine tunakwenda kanisani.

"Na mama?" nikauliza. "Mama alikuwepo?"

"Mama yako ndiye anayeitikia. Kila nikisema wamekula pamoja, yeye anasema ndiyo, hata mimi mwanangu ameniambia."

Hapo ndipo nilipochutama. Mama alijua niko Guangzhou. Kwa hiyo tangu Jumapili ya kwanza alijua kwamba mama mdogo hana habari yoyote ya mwanawe, anazitunga. Aliijua siri kubwa kuliko yetu, ya mtu anayegombea naye kiti, na kila Jumapili akasimama akaishuhudia kuwa kweli. Ule mkono wake wa kukata simu. Ule ukali wake nilipotaka kuungama. Mimi msomi wa kurasa arobaini nilifikiri ni uchaguzi.

Mama mdogo akaendelea. Mama alipoanza kuitikia, yeye, akijua kwamba sijawahi kumwona mwanawe, akaelewa kwamba jirani amemgundua na anamhurumia, ikamuuma, lakini akashukuru. Hakujua kingine. Alipofika hapa, mama wa Tanga akamwekea picha yangu mezani, ndipo akaomba maji. Akaona nikikutana naye nitarudisha habari nyumbani, kwamba huyo mwanawe sijawahi kumwona, na kilichokuwa kinanyamaziwa kikisemwa wazi atakuwa ameumbuka. Ndiyo maana ya Huangpu. Mzigo aliukabidhi juzi. Leo alitaka watu wajue yuko mbali, amalizie sare, aondoke salama.

"Nilidhani ananihurumia tu," akasema. "Kumbe na yeye alikuwa anajificha."

Nikamwambia nadhani ni yote mawili. Akafikiri, akakubali.

Mwenye duka akalitikisa pazia, akauliza kwa Kiingereza chake kama kuna anayenunua. Tukajibu kwa pamoja, "Meiyou!" Kicheko kikatushika. Tulicheka tumeshikana mabega, mama mdogo akajifutia machozi kwa gauni la watu, tukamsikia yule mwanamke nje anasaga meno. Tulipotulia akaniambia nisiwe na wasiwasi wa nyumbani. Atawaambia China ameona Wachina tu. Na mama kama anautaka uenyekiti autwae, yeye mwenyewe amechoka kupanga viti.

Nilishukuru, moyo ukashuka mahali pake. Nikasimama nitoke. Yeye hakusimama. Alikuwa ananitazama kupitia kwenye kioo, si mimi mwenyewe, na aliponiuliza aliuliza taratibu, kama watu wanavyoulizana mlangoni baada ya ibada.

"Jumapili iliyopita mlikula nini?"

Sikumwelewa. Kisha nikamwelewa. Mwanawe mara ya mwisho nilimwona nikiwa kidato cha pili, anaosha baiskeli. Mama mdogo alilijua hilo, na alijua kwamba najua. Aliendelea kusubiri.

"Viazi," nikasema. "Viazi na samaki. Alipika mwenyewe."

"Alipika yeye?"

"Yeye. Mimi niliosha vyombo."

"Chumvi alipatia? Yule hajui kupima chumvi."

"Ilizidi kidogo."

Akatikisa kichwa, anatabasamu. Akauliza kama amenenepa. Nikasema kidogo, hapa mashavuni. Akauliza kama ana koti la maana, nikasema analo, zito. Nilikuwa nalia waziwazi, sikujificha, na yeye hakuniambia ninyamaze. Akainuka, akajikunja vizuri kitenge, akaniweka sawa kola ya shati kama alivyokuwa akifanya asubuhi za shule.

"Ukimwona Jumapili hii mwambie apige simu. Namba yangu ni ile ile."

"Nitamwambia, mama mdogo."